Majina kwenye chupa ya achari: Mailman ilivyopata kanzidata

Najua nimepotea, na kuna waliokwisha anza kunong'ona kwamba nimedisko. Sijadisko, nipo. Nilibanwa na UE, na kabla ya UE nilibanwa na aibu. Leo naanza na hiyo aibu, halafu nawapeleka kwenye historia, maana aibu yenyewe ndiyo iliyonifikisha huko.

Tuliosoma darasa moja mnakumbuka kwamba mwaka wa pili nilikuwa CR. Kabla ya kwenda fieldi tulitakiwa kupeleka ofisini majina ya watu wote, namba za usajili, namba za akaunti za benki na mahali kila mtu anakokwenda. Tulikuwa 143. Mimi na msaidizi wangu tukagawana kazi. Faili lilikuwa moja la Excel, kwenye flashi. Yeye akanakili kwake, akaongeza waliochelewa. Mimi huku nikawa narekebisha namba za akaunti kwenye nakala yangu. Jioni tukakutana kantini, nikachukua flashi yake, nikabandika faili langu juu ya lake. Kompyuta ikaniuliza kama kweli nataka kufuta lililopo na kuweka jipya. Nikabonyeza ndiyo. Basi bwana, kwa kidole kimoja majina 11 yakazikwa.

Hakuna aliyejua mpaka hela ya fieldi ilipotoka. Mmoja wa wale 11 ni rafiki yangu ambaye chumba chake hosteli kimepakana na changu, kwa hiyo hapa nitamwita Jirani. Jirani alikuwa keshafika mkoani, hana ndugu huko, amepanga chumba kwa ahadi ya kulipa wiki inayofuata. Wiki tatu nzima aliishi kwa mikopo midogo midogo, leo kwa muuza chipsi, kesho kwa mwenye duka. Aliponipigia simu hakunitukana. Aliuliza tu, "CR, jina langu limekwenda wapi?" Bora angenitukana.

Muhula uliopita nikamsimulia fundi wetu wa maabara ya kompyuta, mzee mmoja aliyeanza kazi kabla wengi wetu hatujazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Mbona kama umefiwa?"

Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akavua miwani. "Unadhani wewe ndiye wa kwanza? Kaa hapo." Akawasha mashine moja ya zamani, kioo cheusi, maandishi tu, akanionyesha mafaili mawili yamekaa pamoja: config.pck na config.pck.last. "Hii inaitwa Mailman. Ilikuwa inatutumia barua za idara. Hayo ya jina liko wapi na nani analishika, waandishi wake wamehangaika nayo zaidi ya miaka kumi na tano. Kasome, utapona."

Nimesoma, na kwa kiasi nimepona. Makala ya leo ni hiyo dawa.

Kwa mliozaliwa na simu mkononi, tuanzie mbali kidogo. Kabla ya magrupu ya WhatsApp, watu wengi wenye jambo moja walikutana kwenye orodha ya barua pepe. Unatuma barua kwenye anwani moja, programu iliyokaa kwenye seva inaipokea, inatazama majina ya wanachama, inamtumia kila mmoja. Anayejibu, jibu lake linapita njia hiyo hiyo. Mwaka 1986 Éric Thomas, akiwa mwanafunzi wa uhandisi huko Paris, aliandika LISTSERV kwa ajili ya mtandao wa vyuo ulioitwa BITNET. Mwaka 1992 Brent Chapman akatoa Majordomo, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl. Majordomo ilitunza wanachama kwa njia rahisi kuliko zote: faili la maandishi, anwani moja kila mstari. Ukitaka kujua nani yumo, unafungua unasoma, kama daftari la mahudhurio.

Mailman yenyewe ilizaliwa katikati ya miaka ya 1990, na ilizaliwa kwa sababu ya muziki. John Viega alikuwa mwanafunzi wa uzamili Marekani, Chuo Kikuu cha Virginia, mji wa Charlottesville, na mji huo ndiko lilikotoka bendi la Dave Matthews. Aliandika programu kwa lugha ya Python ili kuendesha orodha ya mashabiki wa bendi hilo. Halafu, kwenye mwaka 1998 hivi, diski ya kompyuta yake ikafa, na nakala yake ya msimbo ikafa nayo. Niliposoma hapo niliacha nikatembea kidogo kwenye korido. Programu ya kutunza majina ya watu, na yenyewe ilinusurika kupotea kwa sababu ile ile yangu!

Haikupotea kwa sababu ilikuwa imekwisha pata mikono mingine. Ken Manheimer alikuwa akifanya kazi CNRI, taasisi ya utafiti iliyopo Reston, Virginia, ambako wakati huo alikuwepo pia Guido van Rossum aliyeanzisha Python. Jamii ya Python ilikuwa inaendesha orodha zake kwa Majordomo, na haikupendeza watu wa Python kushinda wanarekebisha msimbo wa Perl. Manheimer akaichukua Mailman. Alipoondoka CNRI, Barry Warsaw akashika usukani, akaushika kwa miaka mingi. Toleo la 1.0 likatoka Julai 1999, la 2.0 Novemba 2000.

Sasa tuje kwenye majina yalikokaa. Kila orodha ilikuwa na faili lake moja, na ndani ya faili hilo kulikuwa na kila kitu: jina la orodha, kanuni zake, wasimamizi, wanachama, nywila zao, na kama mtu anataka barua moja moja au furushi la siku nzima. Katika matoleo ya mwanzo faili liliitwa config.db. Usidanganywe na hizo herufi mbili za mwisho, haikuwa kanzidata hata kidogo. Lilikuwa ni picha ya kumbukumbu ya programu iliyogandishwa kwenye diski. Toleo la 2.1 likalibadilisha likawa config.pck, kwa njia ya Python iitwayo pickle, yaani achari.

Jina hilo linafaa sana. Mama akitengeneza achari ya embe anakata, anatia chumvi, pilipili na siki, anafunga chupa. Inakaa miezi. Lakini huwezi kuchukua kipande cha saba kutoka juu bila kufungua chupa nzima. Mailman nayo, mwanachama mmoja akitaka kubadili anwani tu, inafungua chupa, inamwaga vyote kwenye kumbukumbu ya kompyuta, inabadilisha kimoja, inatia vyote chupani tena, inafunga. Orodha ya watu 40, hakuna shida. Orodha ya watu 40,000, seva inaanza kupumua kwa shida.

Msiwacheke waliochagua hivyo, sababu walikuwa nazo. Mwaka 2000 kufunga kanzidata kwenye seva ilikuwa kazi ya kujitegemea, na wengi waliotaka orodha walikuwa ni kikundi cha wapenzi wa kitu fulani, idara ya chuo, au chama kidogo chenye mashine moja ya kuazima. Kwa Mailman ulihitaji Python, seva ya barua na seva ya wavuti, basi. Ukitaka nakala ya akiba, unanakili folda. Ukihama mashine, unahama na folda. Unyenyekevu huo ndio ulioieneza. Hata huku kwetu, KICTANet ya Kenya, jukwaa la sera za TEHAMA lililoanza mwaka 2004, liliendesha mijadala yake kwenye Mailman. AfNOG nayo, yaani wale wahandisi wa mitandao wa Afrika, ilitumia hiyo hiyo.

Na hawakuwa wazembe kama mimi. Kwenye Mailman kuna shughuli kadhaa zinazoweza kuligusa faili moja kwa wakati mmoja: mtu anajiunga kupitia ukurasa wa wavuti, mwingine anajitoa kwa barua, na programu yenyewe inahesabu barua zilizorudi kwa sababu anwani imekufa. Kwa hiyo waliweka kufuli. Anayetaka kubadili kitu anachukua kufuli la orodha, wengine wanasubiri. Kufuli lenyewe lilitengenezwa kwa uangalifu ili lifanye kazi hata pale mashine mbili zinapotumia diski moja kupitia mtandao. Tena wakati wa kuhifadhi hawaandiki juu ya faili la zamani. Wanaandika faili jipya pembeni kwanza, la zamani wanalibakiza kwa jina la config.pck.last, halafu jipya linashika nafasi. Likija kuharibika, programu inarudi kwenye lile la nyuma. Sasa nikaelewa yale mafaili mawili ya mzee. Mimi kule kantini sikuwa na kufuli wala sikuwa na la nyuma.

Kama majina yalikuwa salama hivyo, kanzidata ya nini?

Shida ilikuwa kwenye kuuliza. Chukua seva yenye orodha 200, mtu anakwambia, "Nimebadili anwani, nitoe kote niliko." Uko wapi? Hakuna ajuaye. Mailman ilikuja na chombo kiitwacho find_member, nacho kazi yake ilikuwa kupita chupa moja baada ya nyingine, zote 200, kufungua na kuchungulia. Tena kwa Mailman hiyo hapakuwa na kitu kinachoitwa "mtu". Palikuwa na anwani ndani ya orodha. Ukiwa kwenye orodha tano wewe ni watu watano, una nywila tano. Na kila tarehe mosi ya mwezi Mailman ilikuandikia kukukumbusha nywila yako, imeandikwa wazi wazi kwenye barua! Waliotumia miaka ile wanazikumbuka barua hizo kama sisi tunavyokumbuka tarehe ya bumu.

Halafu kuna vyuo. Chuo tayari kina kanzidata ya wanafunzi. Kwa nini majina yale yale yaandikwe mara ya pili kwenye chupa za Mailman? Njia iliyokuwepo ni kutoa majina kwenye kanzidata kama faili la maandishi, kisha kutumia sync_members ili orodha ifanane na faili hilo. Inafanya kazi, lakini una nakala mbili za ukweli, na kati ya usawazishaji mmoja na mwingine zinaweza kupishana. Nakala mbili za ukweli... mnajua zilinifanya nini.

Basi watu wakaanza kudai: jamani, tuwekeeni kanzidata. Na hapa ndipo historia ilipoanza kuninoga. Warsaw na wenzake wangeweza kusema sawa, kuanzia kesho Mailman inadai MySQL. Wangewatupa nje wale wote wenye mashine ya kuazima. Au wangesema hapana, na vyuo vingeondoka. Katika toleo la 2.1, lililotoka mwishoni mwa Desemba 2002, walifanya kitu cha tatu.

Ili mkielewe, fikirieni ofisi ya mhasibu wa chuo. Kabla ya 2.1, kila sehemu ya Mailman iliyotaka kujua habari za mwanachama iliingia yenyewe stoo, ikafungua kabati, ikapekua. Sehemu ya kutuma barua ilijua kabati la wanachama liko wapi, sehemu ya wavuti nayo ilijua, sehemu ya barua zilizorudi nayo hivyo hivyo. Ukihamisha kabati, wote wanapotea. Walichofanya ni kujenga dirisha na kuweka karani. Dirisha hilo waliliita MemberAdaptor. Ni faili la Python ambalo lenyewe halitunzi jina hata moja. Linaorodhesha tu maswali na maagizo yanayoruhusiwa: isMember, je, huyu ni mwanachama, getMembers, nipe wote, addNewMember, mwongeze, removeMember, mtoe, changeMemberAddress, mbadilishie anwani, na mengine ya nywila, lugha na hali ya kupokea barua. Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuingia stoo. Kila mtu anauliza dirishani.

Nyuma ya dirisha waliweka karani wa zamani, OldStyleMemberships, anayetumia chupa zile zile za achari. Aliyefunga 2.1 bila kugusa kitu hakuona tofauti yoyote kwenye utunzaji wa majina. Lakini aliyetaka aliweza kuandika karani wake mwenyewe, mwenye kanzidata nyuma yake, akaweka faili dogo liitwalo extend.py kwenye folda ya orodha moja, na orodha hiyo peke yake ikahamia kwa karani mpya. Zilizobaki zinaendelea na chupa. Hiyo ndiyo hiari ya kweli: unajaribu kwenye orodha moja, ukiungua, umeungua kidole kimoja.

Na watu waliandika. Karani wa MySQL aliandikwa na watumiaji wa nje, akasambazwa pembeni bila kuwa sehemu ya toleo rasmi, na wenye orodha kubwa wakamtumia.

Lakini aisee, dirisha nalo lilikuwa na kasoro zake, na hizi ndizo zilizonifundisha zaidi.

Kwanza, dirisha lilihusu wanachama tu. Kanuni za orodha, wasimamizi, barua zinazosubiri idhini, vyote vilibaki nje ya kanzidata. Kwa hiyo chupa haikuondoka na kufuli halikuondoka. Ulikuwa na nyumba mbili za kutunza badala ya moja.

Pili, maswali yenyewe yalitungwa na watu waliozoea kabati la karibu. Barua ikitaka kutumwa, Mailman inaomba majina yote, halafu kwa kila jina inauliza, huyu anapokea au amesimamishwa? Kisha inauliza tena, anwani yake aliiandikaje, kwa herufi kubwa au ndogo? Vitu vikiwa tayari kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kuuliza ni bure. Karani akiwa anakimbia mpaka kanzidata kwa kila swali, orodha ya watu 5,000 inakuwa safari 10,000 kwa barua moja. Karani mwerevu anachota yote kwa safari moja na kuyashika mkononi, lakini hapo umeanza kurudi kwenye nakala mbili za ukweli.

Tatu, na hili ndilo kubwa, dirisha lilikuwa la kila orodha peke yake. Yule mtu wa orodha tano bado alikuwa watu watano. Unaweza kumwaga achari yako kwenye jokofu la kisasa, ikabaki achari.

Mailman hawakuwa peke yao kwenye safari hii. Ezmlm ya Daniel J. Bernstein iliwagawa wanachama wa orodha kwenye mafaili 53 kwa hesabu maalumu, ili kumtafuta mmoja usisome wote, na nyongeza yake iitwayo ezmlm-idx ikaleta MySQL na PostgreSQL kwa anayetaka. Sympa, iliyotoka vyuo vya Ufaransa, yenyewe iliweza kuchota wanachama moja kwa moja kutoka kanzidata ya chuo, ukiiandikia tu swali la kuuliza. Ukiangalia, kila mmoja alifika kwenye mlango ule ule kwa njia yake.

Mailman ilifika mwisho wa njia yake tarehe 28 Aprili 2015, toleo la 3.0 lilipotoka. Kutoka 2.1 ni zaidi ya miaka 12! Safari hii walijenga upya kutoka msingi. Mwanzoni walitumia maktaba ya Storm iliyotoka Canonical, wale wa Ubuntu, kisha wakahamia SQLAlchemy. Na hapa kuna jambo ambalo ukisoma haraka unaweza kulipita: kanzidata ilikoma kuwa hiari. Mailman 3 haiendi bila kanzidata. Kilichobaki hiari ni ipi. Usipochagua, inatumia SQLite, ambayo haihitaji seva yoyote, ni faili moja tu kwenye diski. Ukikua, unabadilisha mistari miwili kwenye mailman.cfg, unakwenda PostgreSQL au, katika matoleo yaliyofuata, MySQL. Yule mwenye mashine ya kuazima hakutupwa nje. Faili lake moja analo bado, ila sasa ni faili linaloweza kuulizwa maswali.

Na "mtu" akapatikana. Ndani ya Mailman 3 kuna mtumiaji, kuna anwani, kuna uanachama, vitu vitatu tofauti. Mimi ni mtumiaji mmoja, nina anwani ya chuo na ya Gmail, nina uanachama kwenye orodha tano, nywila moja. Nikitaka kusimamisha barua, programu inaangalia kwanza nimesema nini kwenye uanachama huu, kisha kwenye anwani hii, kisha kwangu mimi mwenyewe, na mwisho utaratibu wa kawaida. Ile barua ya tarehe mosi ikazikwa, hakuna aliyelia.

Kitu kimoja hawakukipeleka kwenye kanzidata: barua zilizo njiani. Foleni za barua zinazosubiri kushughulikiwa zimebaki mafaili kwenye folda, achari ile ile ya zamani. Na ni sawa. Barua iliyo kwenye foleni hakuna anayeiuliza maswali, inapokelewa na kupitishwa. Hawakuabudu kanzidata. Waliweka kinachoulizwa mahali panapojibu, na kinachopita tu wakakiacha kipite.

Kwa waliotoka 2.1 kuna amri iitwayo import21. Unaipa config.pck ya zamani, inafungua chupa kwa mara ya mwisho na kupanga kila kitu kwenye majedwali. Hata hivyo wengi hawakuhama haraka. Python 2, ambayo Mailman 2.1 inaitegemea, ilifikia mwisho wa matunzo tarehe 1 Januari 2020, na bado kuna seva zilizobaki nayo kwa sababu inafanya kazi na hakuna mwenye muda. Dirisha la hiari lilikuwa na bei hiyo pia: linakuruhusu kukaa ulipo.

Mimi nimeondoka na hili. Nilipoanza kusoma nilidhani dawa ya kosa langu ni kanzidata, kwamba ningekuwa na mfumo wa kisasa yale majina 11 yasingepotea. Sasa sidhani hivyo. Mailman 2 haikuwa na kanzidata na haikupoteza majina kizembe, kwa sababu ilikuwa na kufuli na nakala ya nyuma. Na karani wa MySQL alipokuja, hakuja mpaka dirisha lilipokuwa limejengwa. Kazi ngumu ya 2002 ilikuwa kuwatoa watu stoo na kuwafundisha kuuliza dirishani. Baada ya hapo nyuma ya dirisha unaweza kuweka chupa, kabati au jokofu, ni juu yako. Sisi darasani tulikuwa watu wawili, kila mmoja yuko stoo na ufunguo wake.

Nimempa CR wa sasa utaratibu, hauna teknolojia yoyote. Anayeandika kwenye faili ni mmoja. Mwenye marekebisho anamtumia yeye. Faili la jana halifutwi mpaka la leo limehesabiwa mistari. Na kabla ya kupeleka ofisini, kila mtu anapita anatafuta jina lake mwenyewe kwa macho yake. Mwaka huu wamepeleka majina, hakuna aliyelala njaa mkoani.

Juzi nilimgongea Jirani nikamweleza habari yote hii, kuanzia bendi la Charlottesville mpaka import21. Akanisikiliza huku anapiga pasi shati la kuvaa kesho. Nikamwambia, swali lako la mwaka ule sasa naweza kulijibu: jina lako lilikuwa kwenye chupa moja kati ya mbili, na mimi nikamwaga moja bila kuchungulia. Akaniangalia, akasema, "Sawa CR. Lakini yule muuza chipsi bado ananidai elfu nne." Nimemtumia leo asubuhi, na ya kutolea nimeweka.

Haya wadau, umeme wenyewe unaanza kucheza na kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Kama kuna aliyewahi kupoteza majina ya watu, au ambaye jina lake liliwahi kupotezwa, aandike hapo chini. Tusiogope, tuko wengi. Usiku mwema.